Ethano ya mahindi Nyanda za Juu Kusini: hela ipo kwenye machicha

Tangu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uzinduliwe Mei 2024, ule unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, maongezi ya bayoethano, yani ile spiriti ya kupikia inayotengenezwa kwa mazao, yamepata nguvu tena, na huku kwetu yakianza tu mtu wa kwanza anasema sasa mahindi yetu yatapata soko la uhakika, wa pili anamrukia, yani tuchome chakula wakati kuna watoto wanalala njaa, na mjadala unaishia hapo hapo kila mtu na upande wake. Mimi nataka kuongelea kitu ambacho wote wawili hawakigusi, kile kinachobaki kwenye pipa baada ya pombe kutolewa, machicha. Na msimamo wangu nausema mapema kabisa: kiwanda cha ethano ya nafaka kikijengwa Songwe, Mbeya, Njombe au Iringa bila protini ya machicha kuwekwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, mkulima ataendelea kuuza mahindi kwa bei ya kulia, mwekezaji hatoboi, na mfugaji anayeishi jirani na kiwanda ataendelea kununua dagaa wa Mwanza kwa bei ya kukata mtaji.

Tuanze na gunia moja la kilo 100. Punje ya mahindi makavu kwa makadirio ya kawaida asilimia 70 hivi ni wanga, protini ni 8 hadi 10, mafuta kama 4, kinachobaki ni nyuzinyuzi, madini na unyevu. Ukisaga, ukapika na maji, ukaweka vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari alafu ukamwaga hamira, hamira inaila ile sukari na kutoa vitu viwili, ethano na gesi ya kabonidayoksaidi. Kwa kiwanda kinachojua kazi yake gunia hilo linatoa lita 40 na ushee za ethano, karibu theluthi ya uzito inapaa kama gesi, na ukikausha kilichobaki unapata kilo kama 30. Sasa ndani ya hizo kilo 30, protini iliyoingia karibu yote bado imo. Hamira haiimalizi, sehemu inaitumia kujenga mwili wake, na mwili wake wenyewe unabaki humo humo kwenye pipa. Ndo mana mahindi yanayoingia na protini asilimia 9 yanatoka machicha makavu yenye asilimia 27 mpaka 30, hamna uchawi hapo, wanga umeondoka na vingine vyote vimebanana kwenye theluthi ya uzito wa mwanzo. Mafuta yamezidi mara tatu, fosforasi mara tatu, na hii ya mara tatu naomba uishike kichwani kwa sababu mbele huko itatugeukia.

Kwa hiyo anayesema tunachoma chakula yuko sahihi kwa nusu. Kinachochomwa ni wanga, na wanga ndo kitu tulichonacho kwa wingi kuliko mikoa mingi ya nchi hii. Ongea na mama yeyote anayefuga kuku wa mayai Uyole, Mbalizi, Makambako au Mafinga, muulize kwenye chakula cha kuku nini kinamuumiza. Hatakutajia pumba. Atakutajia dagaa, soya, mashudu ya alizeti, yani vyote vyenye protini. Kwenye ufugaji wa kuku chakula peke yake kinakula asilimia 60 hadi 70 ya gharama, na ndani ya hicho chakula protini ndo inayovuta bei juu. Dagaa tunagombania na kuku, sisi tunataka mboga wao wanataka mayai yatoke. Soya inalimwa huku huku, Ruvuma, Njombe, Iringa, na pale Ihemi, Iringa, kampuni ya Silverlands wananunua soya na mahindi kwa ajili ya chakula cha kuku, lakini soya hiyo hiyo inatakiwa na wasindikaji wengine, na tangu 2020 mlango wa China ulipofunguliwa kwa soya yetu, mfugaji mdogo anashindana na watu wenye mifuko mirefu sana.

Huyu wa kwanza anayeshangilia soko namwelewa vizuri tu. Waliolima 2017 hawajasahau, mahindi yalizuiwa kwenda nje ya nchi, bei ikaanguka mpaka watu wakaona hata gharama ya kupukuchua na kusafirisha ni hasara. NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wana maghala Makambako, Songea, Sumbawanga na Songwe, ila kuna msimu wananunua uwezo wao wote na mahindi bado yapo kwenye vihenge. Kiwanda kinachosaga mwaka mzima ni mnunuzi wa kweli. Shida ni kwamba mnunuzi huyo hawezi kumlipa mkulima vizuri kwa kutegemea spiriti, yani hiyo ethano, peke yake, kwa sababu spiriti ya mahindi inakutana sokoni na spiriti ya molasesi, na molasesi ni mabaki ya kiwanda cha sukari, huwezi kuishinda kwa bei ukiwa umenunua nafaka shambani. Lakini molasesi haina protini ya maana, ukishaikamua ethano unabaki na maji meusi ambayo kazi yake kubwa ni kumwagilia shambani kama mbolea. Nafaka inabaki na bidhaa ya pili. Hapo tu ndo mahindi yanaweza kusimama mbele ya molasesi, na kama hapo hujapawekea mtambo, wataalamu na wateja, hiyo biashara ya ethano ya mahindi usiianze.

Marekani wamefika mbali kwenye hili na inafaa kuangalia wamefanyaje. Wanatengeneza zaidi ya lita bilioni 55 za ethano kwa mwaka, karibu yote kwa mahindi, zaidi ya theluthi ya mahindi yao inapitia huko, na machicha yanayotoka yakihesabiwa makavu ni zaidi ya tani milioni 30. Brazil nao, jimbo la Mato Grosso, wameingia kwa kasi. Njia ya kizamani ni nyepesi kueleza. Baada ya kuivusha ethano kwa mvuke unabaki na uji ambao asilimia 85 hadi 90 ni maji. Uji unaingia kwenye sentrifyuji, mashine inayozungusha kwa kasi mpaka vizito vinajitenga na vyepesi, unapata tope zito upande huu na maji yenye ukungu upande ule. Yale maji yanachemshwa mpaka yanakuwa sharubati nzito, sharubati inarudishwa juu ya lile tope, vyote vinaingia kwenye dramu kubwa la kukaushia, yakitoka ni machicha makavu yanapakiwa kwenye treni. Kwa miaka mingi wakauza hivyo, kila kitu kimechanganywa, bei inafuata bei ya mahindi.

Alafu wakashtuka kwamba wanauza vitu vitatu kwa bei ya kimoja. Wakaanza na mafuta, wakayavuta kutoka kwenye sharubati kwa sentrifyuji nyingine. Wakahamia kwenye protini. Sasa hivi viwanda vingi vipya vinaupitisha uji kwenye chujio kwanza, maganda ya mahindi yanabaki juu, kinachopita chini kina chembe ndogo ndogo za protini ya mahindi pamoja na seli za hamira zilizokufa, sentrifyuji ya pili inazikusanya, zinakaushwa kwa uangalifu na unapata unga wenye protini kama asilimia 50, yani umesimama sawa na soya iliyokamuliwa mafuta. Unga huo unaenda kwa kuku, nguruwe na samaki. Maganda yanaenda kwa ng'ombe ambaye tumbo lake limeumbwa kwa nyuzi. Cha kufurahisha hapo hamna kemikali ngeni, ni kuchuja na kuzungusha na kujua nani ale nini, na hiyo ndo teknolojia ambayo fundi wa VETA akipewa mafunzo kidogo anaweza kuihudumia bila kusubiri mtu atoke nje.

Ila kuna jambo mnunuzi anatakiwa kulijua kabla hajadanganywa na namba ya kwenye kiroba. Protini ya mahindi haifanani na ya soya. Sehemu kubwa yake, mara nyingi karibu nusu, ni zeini, na zeini karibu haina lisini wala triptofani, vitu viwili ambavyo kuku, nguruwe na mtoto wa binadamu miili yao haiwezi kujitengenezea. Ndo sababu watafiti wa Purdue kule Marekani walipotangaza mwaka 1964 kwamba mahindi ya opaque-2 yana lisini nyingi dunia ya kilimo ilisisimka, na kuyageuza kuwa mbegu inayofaa kwa mkulima ndo kazi iliyowapa Surinder Vasal na Evangelina Villegas Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000, na hapa nchini tukapata mbegu za Lishe. Kwa hiyo mfugaji akitoa soya na kuweka machicha ya mahindi kilo kwa kilo, broila watachelewa kukua na yeye atasema machicha ni uchafu, kumbe hajaongeza lisini ya unga inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Hamira inasaidia sana hapa, protini yake ina lisini ya kutosha, ndo mana ule unga wa asilimia 50 wenye hamira nyingi ni bora kuliko machicha ya mchanganyiko hata nje ya ile namba. Na ng'ombe ana sheria zake, vijidudu vya tumboni vinamtengenezea protini vyenyewe, na ile zeini ngumu inapita tumbo la kwanza bila kuvunjwa inaenda kumeng'enywa mbele, kwa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe au Njombe hiyo ni faida kabisa.

Moto nao unaharibu. Ukikausha kwa joto kali lisini inashikana na sukari iliyobaki, machicha yanaiva kahawia na kunuka kuungua, maabara ikipima protini inaikuta yote ipo lakini mnyama akila haipati. Kwa wenzetu wenye mahindi ya njano mnunuzi anaangalia rangi, ya dhahabu inachukuliwa, ya kahawia iliyokolea inakataliwa. Mahindi yetu ni meupe, machicha yake yatakuwa na rangi hafifu, kwa hiyo ule weusi wa kuungua utaonekana mapema zaidi. Hasara yake ni kwamba meupe hayaongezi unjano kwenye kiini cha yai, na wateja wa mayai mjini wanapenda kiini cha njano, hapo mfugaji itabidi aendelee na majani mabichi au unga wa lusina.

Kuna wanaosema tusiishie kwenye chakula cha mifugo, twende moja kwa moja kwenye zeini yenyewe. Ni wazo zuri na lina historia, zeini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1821 na John Gorham kule Marekani, na sifa yake ni kwamba haiyeyuki kwenye maji, haiyeyuki kwenye spiriti tupu, ila inayeyuka kwenye spiriti iliyochanganywa na maji, kama asilimia 70 hivi, yani kitu ambacho kiwanda cha ethano kinacho tayari kwenye mabomba yake. Inatumika kufunika vidonge vya dawa, pipi na karanga, na miaka ya 1940 na 1950 Wamarekani waliisokota hata nyuzi za nguo. Tena sisi tuna bahati ambayo sijasikia ikiongelewa, zeini ya mahindi ya njano inatoka na rangi na kuiondoa rangi hiyo ni gharama, mahindi meupe yanakupunguzia huo mzigo. Lakini naomba tusianzie huko. Zeini iliyopitia mapipa na dramu la moto inatoka kidogo na imechoka, anayeitaka kweli inabidi aitoe mapema kabla ya kuchachusha, inataka mtaji, usafi wa kiwango cha dawa na wateja walio mbali. Tuifikirie kiwanda kikishasimama na kikishajua kuuza machicha yake.

Mimi kwa Nyanda za Juu Kusini nataka machicha yauzwe mabichi, yaliyokamuliwa maji tu, na yaliwe karibu na kiwanda. Kukausha kunakula karibu theluthi ya nishati yote ya kiwanda cha namna hii, na Wamarekani wanakausha kwa sababu wana gesi ya bei rahisi na kwa sababu machicha yao yanasafiri mbali sana. Hata wao, kiwanda kikiwa kimezungukwa na ng'ombe, kinauza mabichi. Sisi ng'ombe wapo Rungwe, Mbozi, Njombe, Mufindi, nguruwe wapo kila kata, Mbeya yote inakula kitimoto, kwa hiyo ramani ya kiwanda ingechorwa kwa kufuata mifugo kwanza na barabara ya mahindi baadae. Makambako inakubali vyote viwili, barabara ya Songea na ya Mbeya zinakutana pale na reli ya TAZARA inapita. Mafinga nako kuna kitu cha ziada, mabaki ya mbao za Sao Hill, maranda na magome yanayochomwa ovyo pembeni ya mashine za kupasulia, huo ni mvuke wa boila umelala chini. Kama sehemu ya machicha lazima ikaushwe kwa ajili ya wateja wa mbali basi ikaushwe kwa maranda.

Najua kuna hoja dhidi yangu, na ni nzito. New York ya miaka ya 1850 ilikuwa na mazizi yaliyobanwa ubavuni mwa viwanda vya pombe kali, ng'ombe wanamiminiwa uji wa moto wa machicha asubuhi na jioni, hawaoni jua, hawali majani, maziwa yao yakawa membamba na machafu na watoto wachanga wakafa kwa maelfu mpaka gazeti moja likaichapa kashfa hiyo kwa picha mwaka 1858. Ng'ombe wale walikuwa wanaishi kwa machicha matupu na kwenye uchafu, hapo ndo kosa lilipokuwa. Ng'ombe wa maziwa mwenye majani ya kutosha akiongezewa kilo 5 hadi 10 za machicha mabichi kwa siku, na chokaa ya mifugo kwa sababu machicha yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, huyo atakulipa. Nguruwe naye asizidishiwe, mafuta ya mahindi yakizidi kwenye chakula chake nyama inakuwa na mafuta laini yanayoteleza, na mchoma kitimoto ataiona kwenye kisu kabla hujamwambia.

Sasa turudi kwenye ile mara tatu. Nafaka rahisi ya kutengenezea ethano ni ipi? Ni ile iliyokataliwa, iliyolowa mvua, iliyoota ukungu, ambayo NFRA hawaipokei na mwenye mashine ya sembe haitaki. Na mwekezaji yeyote akipiga hesabu ataikimbilia hiyo, na kwa upande wa ethano hana kosa kwa sababu sumu kuvu, yani sumu inayotengenezwa na ukungu, haipandi na mvuke, spiriti inatoka safi. Sumu yote inabaki chini. Kuchemsha hakuiui, hamira haiimalizi, na wanga ukiondoka inabanana mara tatu kama protini ilivyobanana. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya chakula ni aflatoksini, moja ya hizo sumu kuvu, jumla sehemu 10 kwa bilioni, sasa chukua mahindi yenye 9, yamepita mtihani kihalali kabisa, machicha yake makavu yatakuwa na kama 27. Chukua yaliyokataliwa yenye 40 uone unampa ng'ombe nini. Na ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake inatokea kwenye maziwa, tena yale maziwa tunayompa mtoto kwa imani kwamba tunamjenga. Na kuna nyingine, fumonisini, inayoletwa na ule ukungu wa pinki kwenye gunzi, hiyo nguruwe inampiga mapafu yanajaa maji. Hatujasahau 2016, Dodoma na Manyara, watu karibu 20 walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye aflatoksini.

Hili ndo linaloninyima usingizi kwenye mjadala mzima, kwa sababu ni rahisi sana likafichwa. Mfugaji hawezi kuiona sumu kuvu kwa macho, machicha yananukia vizuri, ng'ombe anayapenda, maziwa hayabadiliki rangi. Kwa hiyo leseni ya kiwanda iseme wazi kwamba kuna mistari miwili isiyokutana: mahindi yaliyopimwa getini yakawa safi, machicha yake yanaenda kwa mifugo, na mahindi mabovu, machicha yake yanaenda kwenye boila au kwenye mtambo wa bayogesi na hayatoki nje ya uzio hata kiroba kimoja. Machicha yenyewe yapimwe tena yakitoka, kwa kipimo chake, sio kwa cheti cha mahindi yaliyoingia. Vipimo vya haraka vya getini vipo na havihitaji maabara ya Dar. Na kiwanda kikitaka mahindi safi kisaidie kuyapata, kilipe zaidi kwa mkulima aliyekausha kwenye turubai na kuhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, maana kama bei ya safi na ya ukungu ni moja hamna mtu atahangaika kuanika.

Kwanini nalikazania hili la protini kiasi hiki? Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano nchi nzima ni asilimia 30, Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha taifa. Sababu za udumavu ni nyingi, kuna maji, kuna magonjwa, kuna mzigo wa kazi wa mama, lakini sahani ya mtoto wetu ni uji wa mahindi asubuhi na ugali mchana, ile ile zeini isiyo na lisini, na yai anaona linaenda sokoni kwa sababu mama anahitaji hela ya kununua chakula cha kuku. Chakula cha kuku kikishuka bei mayai mengine yanabaki nyumbani. Ndo mana nikisikia mtu anapanga kiwanda cha ethano Songwe na kwenye andiko lake machicha yameandikwa kama taka za kutupa, naumia.

Tena hatuhitaji kusubiri hicho kiwanda. TBL wana kiwanda cha bia Mbeya, na machicha ya bia wafugaji wa ng'ombe wanayajua siku nyingi, ni shayiri iliyokamuliwa, robo tatu na zaidi ni maji ila kwenye ukavu wake protini inafika asilimia 20 hadi 30. Alafu kuna vilabu. Komoni inapikwa Mbeya nzima, mahindi na kimea cha ulezi, kila kilabu kina machicha yake, na akina mama wapishi wa komoni walikuwa wanafuga nguruwe kwa machicha kabla hata neno bayoethano halijafika. Wanachokosa ni namna ya kuyatunza. Machicha mabichi kwenye joto yanaharibika ndani ya siku mbili tatu, yanachacha vibaya, yanaota ukungu, na mengi yanaishia mtaroni. Halmashauri zinatoa mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa akina mama, vijana na wenye ulemavu, kikundi kimoja kikinunua kikamulio cha skrubu na mapipa yenye vifuniko kinaweza kukusanya machicha ya vilabu vya kata nzima. Maafisa mifugo wetu na watu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, pale Uyole wanaweza kuwasimamia.

Kuyatunza kwenyewe ni hivi. Yakamue maji kwanza, kama ni ya komoni yaache wazi masaa kadhaa kilevi kipungue, na nguruwe mwenye mimba usimpe kabisa. Changanya na pumba kavu au mabua yaliyosagwa mpaka ukifinya mkononi maji yasichuruzike, ukiwa na molasesi weka kidogo. Shindilia kwenye pipa au kwenye mfuko mzito wa nailoni tabaka kwa tabaka, ukanyage kwa miguu hewa yote itoke, funga kabisa, na uache wiki tatu bila kufungua. Ukifungua yanatakiwa yanuke uchachu mzuri, na ukianza kutoa toa kila siku kwa usawa na ufunike. Sehemu yoyote yenye ukungu, iwe mweupe, wa kijani au wa pinki, itupe na kiganja kizima kinachoizunguka, usimpe hata mbwa. Mabaki ya hamira kutoka kiwanda cha bia ukiyapata yachemshe kwanza, hamira hai tumboni mwa ng'ombe inaendelea kuchachua na kumvimbisha. Na anza kidogo kidogo, wiki ya kwanza kilo moja au mbili kwa ng'ombe, uangalie kinyesi na maziwa, alafu ndo uongeze.